Fundo la Kuhama

Siku ya tatu ya tanzia ya Eddo Shamsa, mjukuu wake mmoja anayefanya kazi katika ofisi za kaunti alisimama chini ya turubai, mbele ya wanaume, akasema marehemu alikuwa mama wa mfano, mwanamke wa zamani ambaye maisha yake yote hakushika kitu kingine ila mwiko na tasbihi. Sisi wanawake tulikuwa upande wa pili wa pazia, na mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikakiweka chini. Magoti yangu hayana haraka siku hizi, lakini siku hiyo yaliinuka yenyewe. Nikasema kwa sauti ya kuvuka pazia, "Waryaa, bibi yako alishona mabawa ya ndege, tena akaipanda ndege hiyo kabla baba yako hajapanda hata lori." Mtu mmoja akacheka, halafu wengi wakacheka, kwa heshima, vile watu wanavyomcheka mzee aliyeanza kuchanganya mambo. Mpwa wangu akanishika bega, akaniambia, "Eddo Dahabo, kaa upumzike." Sikukaa. Nilijikokota mpaka nyumbani, nikatafuta daftari, na tangu siku hiyo ninaandika. Wakitaka kunizika wasubiri nife kwanza, na hata hapo hawatanizika pamoja na mambo niliyoyaona kwa macho yangu.

Wanaoandika maisha yao huanza na ukoo. Mimi ukoo nitauruka. Mwaka ninaotaka kuusimulia, 1966, kila kizuizi mjini Garissa kiliniuliza ukoo wangu kabla ya kuniuliza jina, na nilijibu siku hizo majibu ya kutosha umri mzima. Inatosha ujue kwamba nilikuwa na miaka ishirini, na kwamba nilikaa kwa Eddo Shamsa, shangazi yangu, dada wa baba, ambaye kwetu huitwa eddo, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Mama yangu alikuwa mbali, upande wa Tarbaj, pamoja na ngamia na mbuzi wetu, kwenye kisima cha mashine. Vita ndivyo vilivyotutenganisha. Kulikuwa na wanaume msituni waliotaka sehemu yetu yote iende Somalia. Serikali ikawaita shifta, na sisi tuliokuwa katikati tukaitwa shifta vilevile kila ilipofaa. Saa kumi na mbili jioni mji ulifungwa kwa kafyu, na saa kumi na mbili asubuhi ulifunguliwa, na kati ya hapo mtu aliyekuwa na shida alikaa nayo ndani.

Kafyu ikiisha tu, nilitoka na kibuyu cha maziwa ya ngamia kuwapelekea wateja wa Eddo. Mmoja wao alikuwa Fundi Jagat, kalasinga mrefu mwenye ndevu zilizofungwa kwa wavu, fundi wa mashine za visima vya sehemu yetu yote. Mke wake alikuwa amerudi Nairobi kwa wazazi wake, akisema hatalala tena mahali panapolia risasi. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu sikumkuta jikoni. Nikafuata sauti ya mtu anayetukana kwa lugha yake, nikafika kwenye banda kubwa la mabati nyuma ya nyumba. Ndani alikuwa amelaza milango minne juu ya mapipa kuwa meza moja ndefu, na juu ya meza ile kulikuwa na mifupa. Mihimili miwili mirefu ya mbao ilikwenda sambamba, na kati yake zilipita mbavu kumi na tatu nyembamba, kila moja imepindwa kidogo mgongoni. Jina la kitu kile sikulijua, lakini kazi yenyewe niliijua papo hapo. Kwetu nyumba ya kuhama, aqal, hujengwa na mwanamke, tangu kukata na kupinda fito mpaka kufunga mkeka wa mwisho, na mwanamume hana usemi ndani yake. Kile kilichokuwa mezani kilikuwa nyumba iliyolala ubavu, na mtu aliyekuwa akiijenga alikuwa hajui kupinda mti.

Mkononi alikuwa na upapi wa mbao uliokatika vipande viwili. Ulitakiwa kuwa upinde wa ncha ya bawa, na ule uliokuja kwenye sanduku ulikuwa umevunjikia njiani. "Unaupinda ungali mkavu," nilimwambia kutoka mlangoni. Akageuka. "Kitabu nasema loweka masaa mbili. Mimi nimeloweka masaa mbili." Nikamuuliza kitabu kiliandikwa wapi. "Uingereza," akasema. "Huko kuna mvua," nikamwambia. "Hapa hata maji yenyewe ni makavu." Alitazama vipande vyake, akauliza kama kuna mtu mjini anayejua kupinda vizuri. Nikamwambia yupo, lakini ana mdomo.

Kesho yake nilikuja na Eddo, kwa sababu msichana hakai ndani ya banda la mwanamume peke yake, hata kama mwanamume huyo ana umri wa baba yake na mawazo yake yote yako kwenye gundi. Eddo alitoa masharti: milango yote miwili iwe wazi, na yeye atakaa kwenye kiti katikati yangu na Fundi. Kiti kile alikikalia siku mbili. Siku ya tatu alikuwa ameloweka papi mpya ndani ya pipa lililokatwa nusu, akazifunga kwa magunia mabichi, akazizika kwenye mchanga uliochanganywa na majivu ya moto, na siku ya tano akazipinda pole pole kuzunguka vigingi alivyovichomeka uani, akiimba kwa chini, akizisemesha kama mbuzi mkaidi. Fundi alipozitoa na kuzipima kwa karatasi yake zilikuwa sawasawa. Aliingia jikoni akatupikia chai mwenyewe, yenye tangawizi nyingi mno, na Eddo akainywa yote ingawa hakupenda tangawizi. Nilijisikia fahari siku ile, na sioni kwa nini niifiche leo.

Nilipomuuliza ndege itakwenda wapi, alijibu, "Visimani." Lori la visima lilikuwa limekanyaga bomu njiani mwanzoni mwa mwaka, na mwenzake aliyekuwa akiendesha alikufa palepale. Fundi aliapa hatakanyaga barabara ile tena. Masanduku ya ndege alikuwa ameyaagiza kabla ya vita, kwa starehe yake tu; alikuwa amejifunza kurusha ndege Nairobi, na akitamani kuwa na yake, ndogo ya watu wawili, aliyoijenga kwa mikono. Sasa starehe ilikuwa imegeuka njia. Mashine ya kisima cha upande wa Tarbaj ilikuwa imesimama kwa sababu pampu yake ya mafuta ilikufa, na pampu mpya ilikuwa juu ya rafu ya banda, ndani ya mkebe wa biskuti. Kisima kile ndicho alichokuwa mama. Mvua za Gu, masika yetu, zilikuwa zimejaza madimbwi, basi kwa miezi michache watu na mifugo wangepona. Baada ya hapo ingekuwa kiangazi, maji machungu ya kuchimba kwa mikono, na baada ya hayo hakuna. Nilikuwa naujua mkebe ule kila kutu na kila mkwaruzo. Kila asubuhi nilipoingia niliutazama kwanza, ndipo nikatazama kazi.

Banda lile lilipakana na kantini ya maofisa, na ukuta wa kati ulikuwa bati moja tu. Ukishona upande huu unasikia upande wa pili wanavyokula. Huko ndiko nilikojifunza Kiswahili cha bara, kwa kusikiliza watu wasiojua nasikiliza. Nilisikia nani anamkumbuka mke wake Murang'a na nani hapendi nyama ya ngamia. Nilisikia pia mtu akiuliza kwa nini msafara unaokwenda Wajir usiwapelekee watu wa Tarbaj kifaa chao cha kisima, na mwingine akajibu huku anatafuna kwamba kiu humtoa shifta msituni haraka kuliko risasi. Wakacheka. Nilimtafsiria Eddo. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Basi shona." Mchana tulikula pamoja, sisi upande mmoja wa meza na Fundi upande wa pili, katikati yetu bawa. Yeye alileta dengu na chapati, sisi anjera na nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo na kuhifadhiwa ndani ya samli. Nyama ya kwetu hakuigusa kwa sababu zake, na dengu zake tulizila kwa sababu zetu.

Gundi ilikuwa vita yake peke yake. Kwa joto la Garissa ilikauka kabla mbao hazijakutana, kwa hiyo tuligundisha alfajiri baada ya kafyu, tukiwa tumetundika magunia yenye maji pande zote za banda. Ilipofika mwezi wa sita mkaguzi alitoka Nairobi, akagonga kila kiungo kwa kidole, akapiga mhuri kwenye mbao, akasema sasa mnaweza kuvisha. Fundi akafungua robota la kitani, kitambaa kizuri kuliko chochote nilichowahi kuvaa. Tulikishona kama foronya, tukayavisha mabawa, na baada ya hapo ikaja kazi ndefu. Uzi uliopakwa nta unapita kwa shazia kutoka juu ya bawa mpaka chini, unauzunguka ubavu, unarudi juu, unafungwa fundo. Unasogea upana wa vidole vinne, unafungwa tena, mpaka mwisho wa ubavu. Bila hivyo, angani upepo hukivuta kitambaa kikaachana na mbavu. Fundi alianza mwenyewe na ilikuwa aibu kumtazama. Eddo alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Fundi, wewe nashona gunia ya fiazi. Toka." Akatoka, akaenda kushughulikia injini, akatuachia mabawa yote mawili tuyamalize. Tuliyamaliza kwa majuma mawili, na yalikuwa mazuri.

Sasa lazima niseme kuhusu fundo. Mwanamke wa kwetu hufundishwa fundo moja kabla ya mengine yote. Ni fundo lenye kitanzi: linashika upepo, linashika mvua, linashika hata mbuzi akijisugua, lakini ukivuta mkia wake linafunguka. Mama alinifundisha nikiwa na miaka saba. Alisema nyumba isiyofunguka kwa mkono mmoja ni kaburi, maana siku ya kuhama mkono wa pili umebeba mtoto. Tuliliita fundo la kuhama. Sikuwahi kufunga fundo lingine, wala sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu duniani anayefunga kitu ili kisifunguke kamwe. Mwaka uliofuata serikali ilitukusanya ndani ya vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, ikaamuru tukae mahali pamoja, na nikaona wanawake wazima wakifunga nyumba zao kwa fundo lilelile, kila tawi na mkia wake, wakijua hawaruhusiwi kuhama. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo, na hakuna aliyeweza kuwazuia.

Kapteni aliyesimamia mambo ya usalama mjini alikuwa na mazoea ya kuja bandani alasiri kunywa chai. Alitoka nchi ya milima, mtu msafi, mpole wa sauti, na upole wake ulitutisha kuliko kelele za wengine. Ndege ilikuwa na barua ya ruhusa kutoka Nairobi, na yeye alisema hana neno na barua, ila Nairobi iko mbali na yeye yuko hapa. Alasiri ile alikuwa amesimama karibu na bawa la kulia, kikombe mkononi, analisifu. Fundi alikuja na kisu kidogo kupunguza mikia ya nyuzi kabla ya kubandika utepe juu yake. Alishika mkia wa kwanza ili aukate, akauvuta kidogo kuunyoosha. Fundo likafunguka, na mwenzake akalifuata, na mwingine, kitanzi baada ya kitanzi, mpaka ubavu mzima ukabaki mtupu kutoka nyuma ya bawa hadi mbele. Fundi alibaki ameshika uzi.

"Vuta mwingine," Kapteni alisema. Fundi hakuvuta. Kapteni akaweka kikombe chake mezani, akavuta mwenyewe. Ukafunguka. Akavuta wa tatu. "Kwa hiyo ingefunguka angani," alisema, bado kwa sauti ya upole. "Hii ina jina. Inaitwa hujuma." Masikio yangu yaliwaka moto. Si yeye aliyeniaibisha. Nilikuwa nimemshonea mauti mtu aliyeniamini, tena nilikuwa nimeyashona vizuri, na mkebe wa biskuti ulikuwa palepale juu ya rafu ukinitazama. Fundi alinigeukia akauliza jambo moja tu: "Yote namna hii?" Nikasema yote. Hakuniuliza kwa nini, na kwa hilo nilimshukuru siku zote.

Aliyejibu alikuwa Eddo. Alitembea mpaka mbele ya Kapteni, kichwa chake kikifika kwenye vifungo vya kifua, akamuuliza, "Kabteni, nyumba ya mama yako nahama?" Kapteni akasema nyumba ya mama yake ni ya mawe. "Basi wewe hawezi jua," Eddo akasema. "Sisi nafunga kitu ifunguke. Hiyo si ubaya. Hiyo akili. Leo akili nakosea mahali." Akatoka uani, akachukua fito tatu na kamba, akamwonyesha: akafunga, akatikisa kwa nguvu zake zote, akavuta mkia, fito zikalala chini. Kapteni alitazama mpaka mwisho. Kisha akasema ameelewa, na kwamba kuelewa hakubadilishi kitu. Kesho atachoma mabawa yote mawili, na sisi tutapelekwa mahali pa kuhojiwa.

Hapo ndipo niliposema. Hadi siku ile nilikuwa nimeongea na mtu mwenye bunduki kwa kujibu tu. Nilimwambia, "Ukichoma, mama yangu atakufa kwa kiu na wewe utakuwa na majivu. Nipe siku ishirini nifunge upya. Kila alasiri uje na koleo, uvute kila fundo kwa mkono wako mwenyewe. Likifunguka hata moja, nipeleke unakotaka." Akaniuliza, "Binti, unanipa masharti?" Nikasema, "Nakupa kazi." Kapteni alichukua kikombe chake, akamaliza chai yake iliyokuwa imepoa. Kisha akatoa masharti yake: siku ishirini, kila fundo litavutwa, na siku ndege itakapokwenda Tarbaj mmoja wetu atapanda. Mwingine atakaa kwenye baraza ya ofisi yake mpaka irudi. Isiporudi, atajua la kufanya na aliyebaki.

Fundo la kitabu Fundi alilijua, na alitufundisha kwa kamba ya kuanikia nguo. Kichwa changu kililishika kwa dakika tano. Vidole vilikataa. Nikilegeza mawazo kidogo tu, vilirudi kwenye kitanzi vyenyewe, na ilinibidi nikate nianze upya. Eddo alikuwa na shida zaidi yangu; alikuwa amefunga fundo la kuhama kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa alilia kwa hasira, akatukana kitani, akatukana Uingereza, akaomba msamaha kwa Mungu, akaendelea. Kila alasiri Kapteni alikuja na koleo. Alivuta kila fundo, kweli kila moja, bila kuruka, jasho likimtiririka shingoni. Siku moja uzi wa nta ulimkata kidole, akakifunga kwa leso akavuta kwa mkono wa kushoto. Eddo alimwekea sahani ya nyirinyiri, naye akaila yote, akafuta mikono, akarudi kuvuta. Nilimheshimu kidogo kwa sababu ya kazi yake, na sikumsamehe kwa lolote.

Hakuna fundo lililofunguka. Tukapaka ile dawa ya kukaza kitambaa, ambayo ilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi na ikatuzungusha vichwa, na kitani kikakaza mpaka ukikigonga kinajibu. Fundi akaunganisha mabawa na mwili wa ndege, mkaguzi akarudi akapiga mhuri wake wa pili, na siku mbili mfululizo ndege ikazunguka juu ya mto Tana, Fundi peke yake ndani yake, na kila mtu mjini amesimama nje. Watu wameniuliza ndege iliishia wapi. Mwaka uliofuata Fundi alihamishwa, akaenda nayo, akatuma salamu miaka kadhaa, kisha salamu zikakoma. Sijui zaidi. Ninachojua ni kwamba ilikwenda Tarbaj.

Asubuhi ya safari nilikuwa nimejiandaa, nimejifunga shuka, nimeaga majirani. Tulipofika uwanjani, Eddo akanichukua mkebe wa biskuti mikononi. "Wewe hujaolewa," alisema, "mimi nimezika waume wawili. Wa kuanguka ni mimi. Halafu nina neno na mama yako." Yeye na mama walikuwa wifi, na kwa miaka yote walibishana nani anajenga nyumba vizuri kuliko mwenzake. Nilimwambia mimi ndiye niliyemwahidi Kapteni. "Ulimwahidi mafundo," akasema, akapanda. Walimfunga mkanda, akakataa kuvua kilemba chake alipoambiwa upepo utakichukua, akaweka mkebe mapajani, akatazama mbele. Walikuwa watue Wajir kuongeza mafuta, wafike kisimani adhuhuri, walale huko, na kesho yake mchana wawe wamerudi. Nilitazama mabawa mpaka ndege ikawa haionekani, nikapelekwa barazani kwa Kapteni.

Alinipa kiti. Nikakikataa, kisha nikaona ujinga kusimama siku mbili kwa ajili ya kumkomoa mtu, nikakaa nikimtazama usoni. Siku ya kwanza redio ya Wajir ilisema wametua na kuondoka salama. Baada ya hapo redio haikuwa na neno. Jioni kafyu ilinipeleka nyumbani, na asubuhi nikarudi mwenyewe, bila kuitwa, ili asije akasema nimetoroka. Siku ya pili mchana ukapita, alasiri ikapita. Akaniuliza kama bado nina uhakika na mafundo yangu. Nikamwambia aulize mkono wake. Siku ya tatu hakuniuliza kitu. Aliandika karatasi, akaikunja, akaiweka chini ya kidau cha wino, na nikajua ina jina langu. Niliogopa, sitadanganya. Niliogopa karatasi ile, lakini zaidi niliogopa kwamba mama alikuwa amekufa kabla ya ndege kufika, kwamba tulichelewa siku ishirini kwa sababu ya vidole vyangu, na kwamba hakuna mtu atakayekuja kuniambia. Niliyaweka yote hayo nyuma ya meno. Kilio changu hakukipata.

Alasiri ya siku hiyo tukasikia injini. Kapteni alinipakia kwenye Landrova na askari wawili, tukafika uwanjani ndege ikiwa imesimama tayari. Fundi aliteremka kwanza, macho mekundu, akamwambia Kapteni kwamba tairi lilitobolewa na mwiba na walikwama siku nzima wakiliziba. "Mashine natembea," akasema. "Maji iko." Kisha akakaa chini kwenye kivuli cha bawa. Eddo alishuka baadaye, kilemba chake kichwani, vumbi mpaka kwenye kope, na badala ya kunisalimia alisimama mbele yangu mikono kiunoni, akaongea Kisomali, haraka, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyebeba neno zito kwa safari ndefu. Alisema mama alikuja mpaka kwenye ndege, hakuuliza imetoka wapi wala inarukaje. Aliinama juu ya bawa, akapapasa kwa vidole, ubavu hadi ubavu. Palipokuwa na fundo alijaribu kuvuta mkia chini ya utepe, akakwaruza kwa ukucha, akashindwa. Akauliza nani kafunga hivi. Eddo akanitaja. Mama akasema, "Nilimfundisha mtoto huyu kufunga, na mwaka mmoja wa mjini umemsahaulisha yote. Hivi mtu atahamaje? Mwambie aone haya."

Kapteni alipiga hatua mbele, askari wakafuata. "Anasema nini? Ujumbe gani huo?" Nikamtafsiria neno kwa neno: mama yangu anasema nimefunga vibaya, hayafunguki. Alinikazia macho akitafuta siri ndani yake, mtu aliyekuwa amevuta kila fundo la mabawa yale kwa mkono wake, na hakuelewa kitu. Hapo nikaanza kucheka. Nilicheka mdomo wazi, mbele yake na mbele ya bunduki zake, machozi yakinitiririka, na Eddo akacheka nami mpaka akashika bawa asianguke. Kapteni aliniamuru ninyamaze. Mama yangu alikuwa hai na alikuwa amenigombeza, kwa hiyo sikunyamaza.